Mihogo Juu ya Pisti

Nilimwambia rubani kwamba pisti, njia ya ndege kutua, iko wazi wakati mihogo ilikuwa imeanikwa juu yake. Naliweka hilo mbele ili msomaji asifike katikati akadhani nilikuwa nalificha. Kwa neno langu hilo rubani alikaribia kufukuzwa kazi, na hakuwa na kosa. Nimelitafuta kosa lake siku nyingi, kwa haki, na kwa tamaa kidogo pia. Sikulipata.

Nilikuwa muntu wa redio kwenye kiwanja kidogo cha ndege katika bonde la Ruzizi. Nakaa mtaa wa Songo, Uvira, asubuhi napanda motari, pikipiki ya abiria, hadi kazini. Watu wa Uvira wakisikia kazi hiyo huuliza kuhusu mnara. Hakuna mnara. Kuna chumba kimoja cha bati, meza, redio, na antena iliyofungwa kwenye bomba la maji lisilo na maji. Shule sikuimaliza. Redio nilifundishwa na mzee aliyenitangulia, kwa majuma mawili, na moja kati ya hayo alikuwa mgonjwa.

Pisti yetu ni ya changarawe, ngumu, na jua linaipiga tangu asubuhi. Sijui mahali pazuri zaidi pa kuanika mihogo katika bonde lote. Wamama wa kijiji cha jirani hutandika shitingi zao, maturubai ya plastiki, hapo, na hakuna aliyewakataza, kwa sababu palikuwa na mapatano. Ndege ikifika, hupita kwanza chini chini juu ya pisti bila kutua. Wamama wakiiona, wanakunja shitingi. Ndege inaenda kugeuka juu ya ziwa, inarudi, inatua. Mapatano hayo niliyakuta. Hayakuandikwa popote. Rubani wetu wa zamani, mzee mwenye mvi, aliyajua kuliko mimi.

Yeye akiuliza, “Pisti?” nilimjibu, “Iko wazi, Komanda.” Sote wawili tulijua mihogo bado iko. Nilikuwa namwambia hali ya pisti atakapotua, si hali yake ya saa ile. Niliona hiyo ndiyo habari anayoihitaji. Hata leo kuna upande wangu unaoona hivyo, ila siuamini sana.

Mzee akaenda likizo, akaletwa rubani kijana kutoka Kinshasa, mwenye Kiswahili alichojifunzia Bukavu. Mara ya kwanza kuja kwetu alibeba masanduku ya dawa za vituo vya afya na muuguzi mmoja. Alinisalimu vizuri kwenye redio.

“Naomba hali ya pisti.”

“Iko wazi, Komanda.”

“Merci. Nashuka.”

Nilitoka mlangoni kumtazama akipita. Hakupita. Alikuja moja kwa moja, akishuka kama mtu aliyeambiwa pisti iko wazi. Wamama nao walimtazama kwa utulivu, wakingoja apite ndipo wakunje. Mmoja alikuwa anageuza mihogo na hakuinua hata kichwa.

Nilirudi kwenye redio mbio. Kuna maneno rasmi ya kumwambia rubani asitue, apande tena. Nilifundishwa. Siku ile yalinitoka kichwani, nikasema, “Komanda, pardon, ngoja kidogo.”

“Ningoje wapi?” akauliza.

Lilikuwa swali la haki. Nadhani ndipo alipoiona mihogo, maana injini ilinguruma, ndege ikainuka, magurudumu yakapita juu ya vichwa kwa kimo ambacho nisingependa kukikadiria. Upepo wake ulitupa shitingi na mihogo kwenye majani. Hakuna aliyeumia. Yule mama asiyeinua kichwa alilala kifudifudi, akainuka mweupe kama ametoka kinuni.

Ndege iliporudi nilimwambia pisti iko wazi.

“Kama ile ya kwanza?”

“Hapana, Komanda. Sasa iko wazi kabisa.”

Alizunguka mara mbili akitazama kwa macho yake kabla ya kutua. Sikumlaumu.

Alipofungua mlango, wamama walikuwa wamefika. Yule mweupe alitangulia.

“Weye mutoto! Nani alikufundisha kuingia kwa watu bila kupiga hodi?”

“Mama, ndege haipigake hodi.”

“Ya yule mzee inapigaka!”

“Minye niliambiwa hapa hakuna kitu.”

“Nani alikuambia?”

Wote waligeuka kunitazama. Nami nikaitazama antena. Rubani aliinama kwenye majani, akawasaidia kuokota mihogo. Niandike na hilo, kwa kuwa mimi sikuokota.

Muuguzi aliandika malalamiko: rubani amepita chini juu ya vichwa vya wamama, na abiria ndani. Hakusema uongo. Ofisi ya rubani ikasimamisha kazi yake, ikatuma bwana mmoja mwenye miwani kuja kusoma kaye yangu, daftari ninaloandika kila kutua. Kaye ilisema pisti ilikuwa wazi. Kama ilikuwa wazi, rubani alikuwa anacheza na ndege, na atafukuzwa.

Shefu wa kiwanja aliniita pembeni kabla bwana huyo hajaanza.

“Kaye yako iko inasema nini?”

“Wazi, Shefu.”

“Basi weye unatafuta nini tena? Nyamaza.”

Shefu si mtu mbaya. Alikuwa ananilinda mimi, na wamama pia, na huenda alijilinda mwenyewe kidogo. Nilikusudia kumtii. Bwana wa miwani alifungua kaye.

“Umeandika wazi. Ilikuwa wazi?”

“Ilikuwa karibu wazi.”

“Kulikuwa na nini?”

“Mihogo.”

“Basi haikuwa wazi.”

“Kwa aliyeizoea, ilikuwa.”

Shefu alianza kutazama dirishani. Bwana alirudisha kurasa nyuma.

“Na hizi wazi nyingine zote?”

Nilizipitia moja moja kwa kidole, nisimdanganye. “Hii mihogo. Hii mihogo. Hii mpunga. Hii mihogo. Hii ilikuwa wazi kweli, kulikuwa na msiba kijijini. Hii mihogo.”

“Inatosha,” akasema. Aliandika muda mrefu.

Rubani alirudishwa kazini. Mimi niliondolewa kwenye redio, na sioni uonevu hapo. Sasa kazi yangu ni kutembea pisti nzima kabla ya kila kutua, kuwaondoa wamama, kisha kuinua bendera ili mtu mpya wa redio aseme. Wamama wanakunja polepole kuliko zamani. Wanasema nilisema ukweli bila kuwauliza, na kweli sikuwauliza.

Rubani aliporudi, nilitembea pisti mara mbili ndipo nikainua bendera. Alitua, akashusha masanduku yake bila kunitazama. Kisha akaniomba maji. Nilimletea kikombe. Akanywa yote, akanirudishia, akasema merci. Nimefikiri sana kama huko kulikuwa kunisamehe. Lakini siku ile lilikuwa jua kali, na huenda alikuwa na kiu tu.