Udongo Kutoka Salaita

Baba alisema hazikwi kabla ya babu yake. Aliyasema hayo akiwa kitandani, nyumbani kwetu mtaa wa Jericho, sauti imemkauka, na hakuwa anatania. Babu yake alichukuliwa na Waingereza kwenda kuwabebea mizigo walipopigana na Wajerumani, katika ile vita kuu ya kwanza, na hakurudi. Sisi Wajaluo, mtu akipotea na mwili wake usionekane, huchuma yago, lile tunda refu zito la mwegea, tukalizika mahali pake. Watu wanalia, mambo yanaisha. Huyu hakuzikiwa tunda wala chochote, kwa sababu mke wake alikataa.

Alikataa kwa ajili ya maneno ya mpagazi mmoja aliyerudi, mifupa mitupu, akamwambia kwamba alimwacha mumewe chini ya kilima cha Salaita, kule Taveta, siku mizinga ilipokuwa ikinguruma. Tumbo la kuhara lilikuwa limemlaza, hakuweza kuinuka. Lakini alikuwa hai, na aliomba maji. Bibi yule akalishikilia hilo mpaka akazeeka nalo. Hakukubali kurithiwa na shemeji yeyote. Kila jioni alimpakulia mumewe chakula, akakifunika. Baba, ambaye alilelewa na bibi huyo, ndiye aliyekila kikishapoa.

Haya yote nimeyajua juzi tu, na yamenikera. Baba amefanya kazi soko la Kariokor maisha yake yote, akikata matairi na kushona viatu vya akala, palepale wapagazi wale walipokuwa na kambi. Soko lenyewe limepata jina kutoka kwa kikosi chao! Wateja walikuja wakaenda, sisi tukasoma kwa zile akala, na sikumsikia hata siku moja akimtaja babu yake. Sasa ameishiwa na nguvu ndipo anatutuma udongo wa Salaita, uzikwe pamoja na tunda, ambalo baba yetu mdogo atalichuma kule kijijini.

Nilikwenda na mdogo wangu, mchoma nyama wa soko la Burma, mtu wa mizaha hata matangani. Yeye ndiye aliyepewa jina la babu huyo.

"Sista, si tuchote tu hapa nyuma ya nyumba?" aliniambia. "Mzee atajuaje? Mchanga ni mchanga."

Nilimtukana, na sijutii.

Taveta tulianzia kwenye makaburi ya vita. Mawe meupe yamepangwa vizuri, nyasi zimekatwa, kila kijana wa Kizungu ana jina lake na umri wake. Nilipita mstari kwa mstari nikimtafuta mpagazi hata mmoja. Hakuna. Sikuwa na ubaya na vijana wale, nao walitolewa kwa mama zao, lakini nilikasirika mpaka macho yakaniwasha. Mtu aliyebeba risasi na unga wao kutoka mbali hakustahili hata jiwe?

Salaita yenyewe ni kilima kidogo tu, ukipita kwa gari hukioni. Jua kali, miiba, udongo mwekundu. Mahandaki bado yapo lakini yamejaa mchanga, mbuzi wanayaruka. Nilikuwa nimebeba mkebe wa majani chai na kijiko, na hapo ndipo nilipokwama. Chini ya kilima ni wapi? Chini ni kote. Niliona kivuli cha mti nikadhani mgonjwa angejikokota mpaka pale, kisha nikakumbuka kwamba mti ule hata mimi nimeuzidi umri. Nikakaa chini, nikachota udongo nilipokuwa nimekaa, nikilia.

Mdogo wangu alikuwa amesimama, mikono mfukoni. Ghafla akamwita yule babu. Alimwita kwa jina, ambalo ni jina lake mwenyewe, akaongeza na la baba wa yule mpagazi, kwa sauti ya kumwita mtu aje chakula kiko tayari. Tukasikiliza. Akamwita tena, na safari hii sauti ikamkatika, akajifuta kamasi kwa mkono wa shati. Sijawahi kumwona hivyo. Dereva tuliyemkodi Voi akapiga honi, tukaondoka.

Nyumbani tulimkalisha Baba kitandani. Akatia vidole mkebeni, akausugua ule udongo kwa muda mrefu.

"Mnadhani mimi naogopa kwamba alikufa," alisema. "Kufa si kitu. Naogopa alipona."

Nikamwuliza ana maana gani.

"Kama alipona akavuka Tanganyika? Kama alioa huko, akala ugali wa moto, na nyanya yangu anamfunikia chakula kila siku? Nilikuwa nakila kile chakula, nyathina, mwanangu. Nakijua baridi yake. Nataka azikwe. Nataka awe alikufa palepale." Akanitazama. "Alikufa pale?"

Nilitaka sana kusema ndiyo.

"Alikufa, Baba," mdogo wangu akasema. "Nilimwita. Nikamwita tena kwa jina lake. Angekuwa hai angeitika."

Ni maneno ya kipuuzi. Mtu yule angekuwa na zaidi ya miaka mia moja. Hakuna aliyecheka, na niliona uso wa Baba ukilegea, nikamshukuru Mungu kimoyomoyo. Nilidhani yamekwisha.

"Mkamngoja?" Baba akauliza.

"Tulimngoja."

"Mlingoja sana? Mgonjwa haitiki haraka."

Mdogo wangu akanitazama, kisha akatazama sakafu. "Kiasi," akasema.

Baba akaufunika mkebe, akauvuta karibu na mto wake.

"Mpigieni baba yenu mdogo simu," akasema. "Mwambieni asichume yago kwanza."