Wake wa Firauni Wamemkwamisha Baba Mkubwa

Wake wa Firauni leo wamemkwamisha baba mkubwa ukingoni mwa mto.

Jana, kwenye kibanda cha video pale Kibiti, aliwaona kwenye filamu, wamechorwa ukutani mwa kaburi, kimya, wa dhahabu, kama wanaota. Mmoja ni dada wa mfalme mwenyewe!

Asubuhi kavaa kanzu, avuke Rufiji kuposa mke wa pili.

"Huyo aliyeolewa na kaka yake tumwache," akamwambia mama mkubwa. "Ila ungeona wake wenza walivyoelewana!"

Mama mkubwa akaendelea kupepeta mchele.

"Nenda, Baba Zuhura. Ila Firauni alikufa maji."

Mafirauni walikuwa wengi, aliyezama ni mmoja. Nilijua, ila nikachukua ungo nimsaidie mama mkubwa.

Mto umejaa. Hadi saa hizi anautazama mtumbwi.

Nyie mngevuka?

Mama mkubwa kapika wali wa watu wawili, yeye na mumewe.