Mtoto wa Shaba Ndani ya Kanga

Mtanisamehe kwa mwandiko huu na herufi zitakazopotea njiani, maana shule yangu iliishia darasa la sita na kalamu naisukuma polepole, lakini aibu hii nimeshindwa kukaa nayo peke yangu.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimepata kazi kwa injinia mmoja wa Kizungu hapa Bahla, Omani, naye alipohamia Nizwa aliniachia sanamu yake nimpelekee huko kwa mkono: ya shaba iliyopakwa dhahabu, Budha amekaa kakunja miguu, kazi ya mafundi wa Kichina kwa mtindo wa Tibeti. Akaniambia dhahabu yake nyembamba kama ganda la kitunguu, ikikwaruzika nisirudi kazini. Mama akaifunga kwa kanga mbili, nikaipakata, nikapanda teksi.

Ndani alikuwamo bibi mmoja wa Kiunguja. Nikamwambia shikamoo, akaitika, kisha akauliza, "Mtoto anaumwa?"

Sasa mimi (na haya zangu hizi, na teksi imejaa watu) ningesemaje kwamba nimepakata sanamu? Nikasema, "Ndiyo, bibi."

"Masikini. Hebu nimsomee." Kabla sijaisogeza akapenyeza mkono ndani ya kanga akapapasa paji la uso, na asubuhi ile ya baridi shaba ilikuwa kama maji ya mtungi. Akautoa mkono taratibu. "Mwanangu," akaninong'oneza, "huyu keshapoa."

Abiria wa mbele akasema inna lillahi, dereva akalipita soko akakata kona ya hospitali, nami kila nikifungua mdomo bibi ananipigapiga bega, "Subiri, baba, ni kazi ya Mungu."

Nesi akampokea, mikono ikamshuka kwa uzito, akafunua. Uso wa dhahabu, macho nusu yamefumba, unatabasamu. Dereva akauliza, "Wallahi, huyu kafanana na nani kwenu?" Watu wakaangua kicheko, na mimi macho yangu yako kwenye pete ya nesi tu, isije ikagusa ile dhahabu.

Bibi ndiye aliyeichukua. "Ungesema tu, mwanangu," akasema, akaifunga upya mwenyewe, polepole, uso asiukwaruze.

Ilifika salama na kazi bado ninayo. Lakini madereva wa Bahla mpaka leo wananiuliza mbele za watu, "Mtoto hajambo?" (nami, kwa haya, najibu hajambo). Nimeapa sitamwitikia tena mtu ndiyo ya uongo, hata awe mkubwa vipi. Na wewe uliyewahi kuponzwa na neno moja, niandikie barua. Kusoma kwangu ni kwa polepole, lakini nitaisoma mpaka mwisho.