Mkono Aliouinua Baba

Siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, zaidi ya nipendavyo, nilimfunga baba yangu mzazi mkono kwa leso. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, hapa hapa Gazi, na nilijiona nimefanya jambo la akili.

Baba alikuwa amepatwa na kiharusi. Upande wake wa kulia ulilegea, na maneno yakampotea yote. Mkono wa kushoto ndio uliobaki na nguvu, na mkono huo ukawa unanipiga mimi. Nikimpelekea uji, kofi. Nikimfuta mdomo, kofi. Dada yangu Saumu yeye alipigwa mara moja moja tu. Sasa hebu fikiri: mimi ndiye mwanawe wa kiume wa pekee, nimeacha kazi yangu ya kupanda mikoko nije nimuuguze, na ananipiga! Nilichanganyikiwa. Jirani mmoja alisema ni jini. Mwingine alisema nimemkosea baba na hana radhi nami. Hilo la radhi lilinikosesha raha kabisa, maana nilitafuta kosa langu na sikuliona.

Ndipo akaja shangazi yetu Mwanamvua, dada yake baba, kutoka Kikoneni. Alikuwa muuguzi mstaafu, na miaka mingi aliwahudumia wagonjwa wa akili. Shikamoo yangu hakuiitikia, kwani alikwisha kuiona alama kwenye kifundo cha mkono wa baba.

"Nani kamfunga ndugu yangu?"

"Ni mimi, shangazi. Baba ananichukia."

"Chuki umeionaje? Nieleze ulichokiona, si ulichokidhania."

"Ananipiga siku nzima."

"Siku nzima ni mara ngapi?"

Nilianza kuhesabu kwa vidole, nikapotea. Shangazi aliifungua leso mwenyewe, taratibu, akasema, "Mbuzi ndiye afungwaye, Juma. Mtu huulizwa. Na huyu hawezi kujibu kwa kinywa, basi tumuulize kwa macho yetu."

Kesho yake asubuhi alitupa mimi na Saumu kila mmoja kikombe na kunde kiganjani. Baba akipiga, tia punje moja, wala usichungulie kikombe cha mwenzio. Ilipofika adhuhuri mimi nilikuwa na punje kumi na moja, Saumu nne. Nilimfokea dada yangu kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, anayepigwa ni mimi, yeye angejuaje?

Shangazi alituuliza kila mmoja alihesabu nini. Kumbe mimi nilihesabu kila mkono ulipoinuka, hata wa kufukuza nzi. Saumu alihesabu makofi yaliyolia tu.

"Mmehesabu vitu viwili mkavipa jina moja," alisema.

Tukakubaliana: pigo ni mkono wa baba ukigusa mwili wa mtu au chombo alichokishika, liume lisiume. Siku ya pili vikombe vyote viwili vilikuwa na punje saba. Nilidhani mambo yamekwisha. Shangazi akatuambia tuendelee siku tatu zaidi, tusibadilishe chochote, na sasa tuandike kwenye daftari kilichotokea kabla ya kila pigo na kilichotokea baada yake. Nilikasirika. Kwa hiyo nikae nipigwe tu? "Kwanza tuijue hali ilivyo," alinijibu, "ama sivyo kesho utasema umeponya na hujui ulichoponya."

Daftari lilinizidishia utata. Mapigo karibu yote yalikuwa yangu, na karibu yote yalikuja mara tu niliponyoosha mkono. Baada yake kila mara niliondoka na uji wangu. Nikamwambia shangazi, unaona sasa? Ananichukia mimi, imeandikwa. Hakubisha. Aliuliza tu huwa ninakaa wapi. Nikasema kulia kwa baba, ndio upande wa heshima, nilivyofunzwa. Na Saumu? Kushoto, kwenye mwanga wa dirisha.

"Badilishaneni."

Saumu akaketi kulia na kijiko. Kofi, uji ukamwagika. Mimi nikazunguka kushoto na bakuli jingine. Baba akanigeukia, akanitazama muda mrefu, akafungua kinywa. Akala bakuli zima. Shangazi akampitishia kidole mbele ya uso: upande wa kulia jicho halikukifuata. Baba alikuwa haoni kule. Kila siku kitu kilimtokea ghafla kutoka gizani kikamgusa mdomo, naye akajikinga kwa mkono uliobaki.

Mwanangu, nilitoka nje nikakaa kibarazani nisijue nicheke au nilie. Kisha nilirudi ndani, nikamwomba baba radhi. Alinitazama. Kama alielewa sijui, mpaka leo.

Na usidhani yote yalinyooka. Tangu hapo mapigo yalishuka yakawa mawili, moja, siku nyingine hakuna. Halafu siku moja yakawa matano, nami nilikaa kushoto vile vile. Tuliandika, tukatazama, hatukuona sababu. Shangazi alisema si kila kitu daftari litakijibu, lakini usijaze nafasi kwa uongo.

Basi nikuusie. Mtu akikutenda jambo, usikimbilie kumpa jina, mkorofi, mkaidi, ana jini. Sema alifanya nini kwa mkono wake, mara ngapi, na wewe ulikuwa umesimama wapi. Mwingine naye atazame, kwa maana jicho lenye uchungu huhesabu vibaya. Usianze kutibu kabla hujaona, na ukibaki hujui, kiri hujui, kwani kuuliza si ujinga. Mola akujaalie subira ya kutazama, akuonyeshe upande usiouona, na wazee wako wakuachie radhi zao ukiwa bado unaweza kuzipokea. Amina.