Tochi ya Zambarau

Mama yangu alianza kuwa nyota akiwa na miaka sabini na moja. Ukisikia utacheka, hata mimi nilicheka. Alikuwa amekuja Toronto kunisaidia kulea watoto. Watoto wakakua, wakawa wanamjibu kwa Kiingereza, naye akabaki dirishani kwetu, mtaa wa Regent Park, akitazama tramu zinavyopita. Ndipo kanisani akatokea mzee mmoja Mgoa, mzaliwa wa Nairobi, karani mstaafu, akitafuta wanawake wazee wanaojua kuimba.

Nilimwona kichaa, na mpaka leo sijabadili sana mawazo. Nyumbani kwake alivaa suti na tai, chini kandambili. Alikuwa amemaliza miaka akitazama kwenye kompyuta makundi ya mabinti wa Japani, wale wanaovaa sare na kucheza kwa hatua moja, kila binti na rangi yake, na mashabiki wanawasha tochi ndogo za rangi hiyo. Akaamua naye atakuwa na kundi, ila lake la mabibi watano. Mkongojo ukawa sehemu ya mchezo. Nyimbo aliwatungia mwenyewe, za theluji, za magoti, za watoto wasiopiga simu. Aliwarekodi kwake, mtaa wa Parkdale, ndani ya kabati la nguo, maana makoti ya baridi yanameza mwangwi: bibi anaingia, mlango unafungwa, yeye nje anagonga mapigo kwa kijiko. Chai ya maziwa aliipiga marufuku, eti inaziba koo. Mama alipewa zambarau. Siku ya kwanza nilipoona tochi za zambarau zikiinuliwa kwa ajili yake katika ukumbi wa kanisa, nililia, na mimi si mtu wa kulialia.

Mzee alikuwa na sheria moja asiyoifanyia utani. Hakuna anayetoka kwenye kundi kimyakimya. Anayeondoka anafanyiwa mahafali: anasimama mbele peke yake, anaimba wimbo wake wa mwisho, kisha anaitoa tochi ya rangi yake kwa mtu anayempenda.

Majani yalipoanza kupukutika mama akaanza kukohoa. Hospitalini mkalimani wake nilikuwa mimi, kama siku zote. Daktari alieleza kwa dakika kumi nzima, polepole, kwa huruma, kwamba ni mapafu na kwamba hatafika kiangazi. Muda wote huo mama alikuwa ananitazama mdomo.

"Anasemaje?"

"Anasema ni kifua tu, mama. Baridi ya huku."

Zile dakika kumi nilizifupisha hivyo. Kwetu mgonjwa haambiwi, anafichwa mpaka mwisho, na mimi ninayelipwa kuhudumia wazee wa watu sikuona njia nyingine kwa mzee wangu. Mama akavaa kofia yake ya sufu, hakuuliza zaidi.

Kabla ya Krismasi yule mzee akanipigia simu.

"My dear, mama yako ameniomba mahafali yake. Nimpe tarehe gani?"

Nilimweleza kila kitu, nikamsihi akatae, kwa sababu akimfanyia mahafali mama atajua.

"Lakini sheria ya kundi..."

"Sheria zako za Japani kaa nazo huko huko," nikamkatiza. "Mwambie wenzake hawajawa tayari. Mwambie mpaka theluji iishe."



"Unataka nimdanganye mama wa watu," akasema. "Mimi sijui kudanganya, my dear. Nitajaribu."

Mwezi wa pili sauti ya mama ilikauka, na wiki moja baadaye akafa. Theluji ilikuwa bado ipo.

Siku chache baada ya mazishi mzee alikuja kwangu. Alikuwa amevaa viatu vyeusi vya kung'aa, mara ya kwanza kumwona navyo ndani ya nyumba. Hakutaka chai. Alitoa mfukoni tochi ya zambarau, akaiweka mezani mbele yangu.

"Mahafali yalifanyika," akasema. "Mwezi wa kwanza, Jumanne. Nilijaribu kumdanganya, akanicheka. Akaniambia, mwanangu amehangaika sana kunificha, usimharibie. Akachagua siku ambayo uko kazini. Tuliuacha mlango wa kabati wazi, yeye akaimba humo kwenye makoti, wenzake wanne wakamwitikia kutoka sebuleni. Aliimba mpaka mwisho, hakukohoa. Tochi akasema ni yako, nikupe baadaye."

Jumanne hiyo naikumbuka vizuri. Nilirudi kutoka kazini nimechoka, nikamkuta ndiyo kwanza anaingia, theluji mabegani, uso umechangamka. Nilimgombeza pale pale mlangoni. Mtu anaumwa kifua, anafuata nini Parkdale na baridi hii? Hataki kupona? Alisimama ameshika ukuta, akanisubiri nimalize yote niliyokuwa nayo.

"Mazoezi tu, mwanangu," akasema.

Kisha akaniomba nimsaidie kuvua viatu. Nilikuwa nimekasirika. Nikamwambia avivue mwenyewe.