Ukurasa Uliochanika

Siku ninayotaka kukusimulia, mwanangu, ilikuwa Jumamosi, saa kumi jioni, nami nimekaa kwenye benchi la rafiki yangu Osmund pale Mfaranyaki, nikisema mambo nisiyoyajua. Nakumbuka mpaka shati nililovaa. Imenirudia jana, niliposikia wewe na wenzako barazani mkibishana kuhusu hiyo mashine ya gemu inayosubiriwa kutoka: kasi yake, kumbukumbu yake, kama itakubali gemu za zamani au itazikataa. Nilicheka peke yangu chumbani. Kisha nikaacha kucheka, maana sauti iliyokuwa na uhakika kuliko zote ilikuwa yako.

Na mimi nilikuwa hivyohivyo. Usidhani baba yako alizaliwa na mvi.

Miaka ile biashara ya nje ndiyo kwanza imefunguliwa, na vitu tulivyokuwa tukivisikia kwa watu vikaanza kushuka Songea kwenye mabasi ya kutoka Dar. Osmund alikuwa wa kwanza mtaani kwetu kufungua chumba cha gemu. Mguu wake mmoja ulilemaa tangu utotoni, kulima hakuweza, na chumba kile chenye televisheni moja na mashine moja ndicho kilichomlisha yeye na mama yake. Mashine yake ilikuwa ya kaseti, imetengenezwa kwa nchi zinazotumia umeme mdogo kuliko wetu, kwa hiyo aliichomeka kupitia transfoma, boksi zito la chuma la kushusha umeme. Boksi hilo alilitengeneza Mzee Kastori, fundi redio wa Bombambili.

Basi, binamu yangu wa Dar akanitumia viatu, vimefungwa kwa ukurasa wa jarida la Kiingereza. Nikaunyoosha ukurasa kwa kiganja, nikakuta picha ya mashine mpya ya gemu ambayo kwetu hakuna aliyekuwa ameiona. Kiingereza changu kilikuwa cha kuungaunga, lakini nilielewa mambo matatu: kwamba haitumii kaseti bali sidii, kwamba ina kadi ndogo ya kuhifadhia pale ulipoishia, na kwamba picha zake zitaonekana kama vitu vya kweli. Sehemu ya chini ya ukurasa ilikuwa imechanika.

Niliupeleka ukurasa benchini, na kuanzia siku ile nikaitwa Profesa. Jina lile lilinikaa vizuri, sitakuficha. Ila mambo matatu hayafiki mbali kwa watu wanaokutana kila jioni, kwa hiyo ilipofika wiki ya pili nikaanza kuongeza yangu. Nikasema haipati moto hata ichezwe kutwa. Nikasema pedi zake za kuchezea hazina waya. Wenzangu nao wakaongeza. Aliyechoshwa na umeme kukatika alisema itakuwa na betri ndani, na aliyekuwa akitembea kwa miguu kila siku kutoka Bombambili alisema itaingia mfukoni. Kila mtu aliitengeneza mashine ile kwa kile alichokikosa. Mpaka leo sioni ubaya wa maongezi yale, yalikuwa matamu, na mlivyokuwa mnabishana jana mlinikumbusha utamu wake.

Jumamosi hiyo ndipo Osmund alipouliza. Kwa kawaida yeye alisikiliza tu akitabasamu, lakini safari hii hakutabasamu.

"Profesa, na umeme je? Itataka transfoma, au haitaki?"

Watu wote wakanigeukia. Kusema kweli, hilo sikulijua hata kidogo. Lakini nilikuwa Profesa, na macho yalikuwa yananisubiri.

"Hiyo inajipima yenyewe," nikamjibu. "Ichomeke popote, itakubali."

"Umesoma kwenye ule ukurasa?"

"Nimesoma."

Akashusha pumzi. Nilidhani ni furaha, kumbe alikuwa ametua mzigo. Wiki iliyofuata aliuza mashine ya zamani na transfoma yake kwa mfanyabiashara mmoja wa Nakapanya aliyekuwa na jenereta, akaagiza mashine mpya Dar. Ikafika kwa basi, imefungwa ndani ya blanketi. Tulijaa chumba kizima, mama yake akasimama mlangoni na mikono yake ina unga. Osmund akaichomeka ukutani moja kwa moja, kama nilivyomwambia.

Ilitoa mlio mdogo tu. Kisha harufu ya kuungua, kisha moshi kidogo nyuma, basi. Osmund alichomoa waya akabaki ameushika mkononi.

Watu wakaanza kulaani umeme wa mji, kwamba leo unashuka, kesho unapanda. Na mimi, mwanangu, nikalaani nao, tena kwa sauti. Aibu ya dakika ile bado inaniuma kuliko aibu ya uongo wenyewe.

Jumatatu Osmund akaniomba nimbebee mashine kwa Mzee Kastori. Nikaipakia kwenye baiskeli. Mzee aliifungua, akainusa, akaweka bisibisi chini.

"Hii imepewa umeme mkubwa. Nani alisema haihitaji transfoma?"

"Imeandikwa, mzee."

"Wapi? Kalete nione."

Ningeweza kukimbia. Lakini nilikwenda nyumbani, nikaja na ukurasa ule, nikampa kwa mikono miwili. Aliusoma taratibu, kidole kikifuata mistari, mpaka kidole kikafika pale palipochanika kikasimama.

"Huku chini palikuwa pameandikwa nini?"

"Sijui, mzee."

"Eeh," akasema, wala hakupandisha sauti. "Hilo neno 'sijui', mwanangu, ndilo Osmund alilokuwa analihitaji, ukamnyima."

Akanionyesha redio zilizojaa rafuni kwake. Akaniambia kila anayeleta redio humuuliza ina nini, na yeye kila mmoja humjibu kwamba hajui mpaka aifungue, na hakuna aliyemkimbia kwa jibu hilo. Nililia palepale, mtu mzima na ndevu zangu mbili tatu.

Jioni nikaenda benchini, nikamwambia Osmund mbele ya wote kwamba sikusoma popote, nilibuni. Nilitegemea matusi. Aliukanda ule mguu wake.

"Niliogopa kununua," akasema. "Ndiyo maana nilikuuliza. Ulivyonijibu nikapata raha, sikutaka tena kumuuliza mzee. Na mimi nina kosa langu hapo."

Hakunitukana, na ningefurahi kama angenitukana. Kipuri kilisubiriwa kutoka Dar, masika yote yakapita chumba kimefungwa, na mama yake akawa anauza vitumbua kwenye benchi lilelile. Kila asubuhi nilimchotea maji. Hakuna aliyeniagiza, na hakuna aliyenikataza.

Mashine ilipopona, Mzee Kastori akaileta pamoja na transfoma mpya. Osmund akaniwekea plagi mkononi.

"Haya, Profesa. Itawaka?"

"Sijui," nikasema. "Ila anayejua yupo hapa, nimeshamuuliza mara tatu."

Osmund akacheka mpaka akashika ukuta. Ikawaka.

Mwanangu, sikukatazi kukisia. Kaeni barazani muipe mashine yenu mabawa mkitaka, na ukibuni sema unabuni, wenzako watacheka nawe. Lakini sikiliza sauti ya anayeuliza. Yupo anayeuliza kwa kupiga soga, na yupo anayeuliza kwa sababu kesho atauza alichonacho. Huyo wa pili usimjibu kwa kulinda jina lako. Mwambie hujui, kisha simama uende naye kwa anayejua. Na ikitokea umeshakosea, kiri kabla umeme wa mji haujasingiziwa.

Ukurasa ule bado ninao, umo ndani ya Biblia ya mama yako. Uchukue, uutunze, na usibandike karatasi nyingine pale chini palipochanika.

Mungu akujalie akili ya kujua mengi, na watu wa kukuamini. Na siku watakapokugeukia wote wakisubiri jibu, naye rafiki yako akiwa ameshika waya mkononi, akujalie ulimi mwepesi wa kumwambia, ngoja, usichomeke kwanza, mimi sijui.