Nusu ya Punda wa Kassim

Mwanahamisi Dhadho alikuwa mtu wa maneno machache mpaka umkasirishe, na kumkasirisha hakukuhitaji bidii. Alizaliwa juu mtoni, upande wa Hola, akaolewa Garsen. Mume akamwachia punda na mkokoteni, akaenda Mombasa kutafuta kazi ambayo mpaka leo hajaipata. Tangu hapo, mwaka wa kumi na moja sasa, yeye ndiye anayewapelekea maji wenye vibanda vya chai pale njiapanda. Mitungi kumi na miwili kila safari, safari nne kwa siku. Ukimwambia mtungi umepungua kidogo, anaumwaga mbele ya macho yako, anakuletea mwingine uliojaa pomoni, kisha hakusemeshi wiki nzima.

Punda wake alikufa kwa ugonjwa wa tumbo. Wiki tatu Mwanahamisi alivuta mkokoteni mwenyewe, mitungi minne tu kila safari, mpaka viganja vikachubuka. Loise, mwenye kibanda kikubwa kuliko vyote, alimvumilia kadiri alivyoweza, kisha akamwambia bila kuzunguka.

"Dada, chai yangu inaanza saa kumi na moja alfajiri. Jumatatu ukiwa huna punda, maji namwachia yule wa tuktuk. Usinichukie."

Alimchukia. Lakini alijua kwamba Loise akiondoka na wengine wataondoka, na biashara ya miaka kumi na moja itakuwa imekwisha kabla ya saa nne asubuhi.

Ni Loise huyohuyo aliyemwonyesha tangazo kwenye simu. Lilikuwa limewekwa katika kikundi cha WhatsApp cha watu wa mikokoteni na mtu aitwaye Kassim, anayekaa nje kidogo ya mji. Pichani alionekana punda wa kijivu, kifua kipana, masikio wima, na msichana wa kama miaka minane ameshika kamba huku anacheka. Chini yake paliandikwa: "Miaka mitano. Mpole, nguvu tele, amezoea lami. Natafuta mshirika mwaminifu. Siku nne zako, tatu zangu."

Ushirika wa namna hiyo watu wa mikokoteni wanaujua. Punda mmoja, watu wawili, kila mtu na siku zake, na kila mtu humlisha punda na kumtibu katika siku zake. Karatasi hakuna. Mshirika mpya humnywesha punda maji kwa mkono wake mbele ya shahidi, na akishamnywesha, ushirika umefungwa. Punda akifia katika siku zako, unatafuta mwingine mzima na kumpelekea mwenye punda. Hapo hapana kulia wala kubembeleza.

Siku nne kwa tatu. Mwanahamisi alilisoma tangazo mara mbili, na moyo ukamwambia kwamba mwenye punda mzuri hatoi siku nne. Akaufumbia macho. Jumatatu ilikuwa kesho yake.

Alifika kwa Kassim baada ya adhuhuri. Kassim alikuwa mzee mrefu, mfugaji aliyepunguziwa ng'ombe na ukame, kofia safi, maneno matamu. Kando yake kwenye ndoo iliyopinduliwa aliketi Bilal, jirani yake anayechomelea magurudumu ya mikokoteni, shavu limejaa majani ya mogoka anayotafuna. Huyo ndiye aliyeitwa kuwa shahidi. Mwanahamisi akaona kwamba kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa yeye.

"Karibu, mama. Sisi nasikia wewe ni mtu ya kazi," Kassim akasema. "Punda yangu nataka mtu ya kazi."

"Yuko wapi?"

"Kwanza kunywa chai."

"Chai nauza maji yake kila siku. Nataka punda."

Akatoka mwanamke kijana, mtoto mgongoni, anamvuta punda kwa kamba. Mwanahamisi alimtazama punda, akamtazama mwanamke, akatoa simu na kuangalia picha aliyotumiwa na Loise. Pengo la meno ya mbele lilikuwa lilelile. Msichana wa pichani ndiye huyu, na sasa naye ni mama.

"Unaitwa nani, binti?"

"Nasteha."

"Hii picha ulipigwa lini?"

Nasteha akamwangalia Kassim, baba yake.

"Hii miaka mitano, mzee, ulianza kuihesabu lini?" Mwanahamisi akamgeukia Kassim. Hakungoja jibu. Aliushika mdomo wa punda, akaufungua, akaona meno yaliyosagika mpaka karibu na ufizi. Akainua gunia lililowekwa mabegani. Chini yake palikuwa na kidonda kikubwa kama kisahani, kimepakwa oili chafu ya gari na kunyunyiziwa vumbi ili kifanane na manyoya. Nzi walikuwa wamekwama ndani yake.

Hasira ilimpanda mpaka masikio yakavuma. Hakukasirikia udanganyifu peke yake. Alikasirika kwa sababu bado alikuwa anafikiri: labda nikimweka kamba ya kifuani, labda mitungi sita tu, labda Jumatatu na Jumanne zipite.

"Hiyo ni mkwaruzo," Kassim akasema. "Punda iko sawa. Wewe nywesha maji, maneno itaisha."

Akasogeza karai lililojaa maji. Punda akanyoosha shingo kwa nguvu kiasi kwamba Nasteha aliyumba. Kassim akalirudisha karai nyuma kwa mguu na kumkabidhi Mwanahamisi kikombe cha kuchotea, huku akitabasamu.

"Ana kiu gani hii?" Mwanahamisi akauliza.

"Hajanywa tangu jana asubuhi," Nasteha akasema. Baba yake akamgeukia na jicho ambalo lingemkausha mtu koo. Binti akainamisha kichwa.

Hapo Mwanahamisi akaelewa mpango wote. Mnyama alikuwa ameshindishwa na kiu ili akiletewa maji na mgeni anywe kwa pupa, shahidi aone, na ushirika ufungwe kabla mgeni hajapata nafasi ya kufikiri. Siku nne zilikuwa zake kwa sababu katika siku nne kulikuwa na nafasi kubwa zaidi ya punda kumfia yeye.

"Mfunge kwenye mkokoteni wako," akasema. "Pakia mitungi minne. Nione."

Kassim hakutaka, lakini Bilal alikuwa anatazama, na kukataa kungekuwa kukiri. Mitungi ikajazwa, ikapakiwa. Punda akaanza kutembea. Hatua ya kwanza hadi ya saba zilikuwa za kujikaza. Ya nane, magoti ya mbele yakakunjika, akaanguka katikati ya miti ya mkokoteni. Hakulia. Alilaza tu kidevu kwenye mchanga.

"Wewe umeangusha punda yangu," Kassim akasema.

"Mimi? Wewe mzee una haya kweli? Unampaka oili mnyama kama gurudumu, unamnyima maji, unaniita nibebe maiti yako."

"Chunga mdomo. Hapa ni kwangu."

"Kwako ndiyo. Na punda ni wako. Afie kwako."

Kassim akasogea mbele. Akalipiga karai teke, maji yakamwagika. Punda akajikokota kadiri miti ilivyomruhusu, akaanza kulamba mchanga ulioloana.

Nasteha alipiga hatua moja, baba yake akamzuia kwa mkono. Mitungi minne ilikuwa juu ya mkokoteni, imejaa mpaka shingoni, na Mwanahamisi ndiye aliyekuwa karibu nayo. Aliweka mkono juu ya mfuniko wa mtungi wa kwanza. Punda akaacha kulamba, akainua macho.

"Fungua," Kassim akasema taratibu. "Fungua tu, mama. Bilal anaona."

Mwanahamisi akafikiria punda mzima ambaye angedaiwa, na namna ya kumpata hakuwa nayo. Kisha akaondoa mkono, akajifunga leso yake vizuri, akatoka uani bila kuaga. Njia nzima alikuwa anajieleza kwa sauti, na wapita njia walimpisha.

Jumatatu Loise alichukua maji ya tuktuk. Jumatatu hiyohiyo, kabla ya adhuhuri, punda alikufa, na Kassim akatuma sauti kwenye kikundi akisema kwamba mshirika wake alimpakia punda mizigo, akamwangusha na kukimbia, kwa hiyo siku zilikuwa zake na alipe mnyama kwa mnyama.

Jumanne watu wa mikokoteni walikusanyika penye bomba la maji. Mwanahamisi alisimama mikono kiunoni, uso umekaza, lakini hakuwa na matumaini makubwa, kwa sababu shahidi alikuwa wa Kassim. Mzee wa bomba, anayeamua kesi zao, akamwuliza Bilal jambo moja tu.

"Alimnywesha, hakumnywesha?"

Bilal alitema mogoka pembeni. Hakumtazama Kassim wala Mwanahamisi.

"Mimi nilikuwepo. Huyu mama aliweka mkono kwenye mfuniko. Punda akamtazama. Mama akaondoa mkono. Hakumpa hata tone, wallahi."

Watu wakapumua. Mzee wa bomba akasema basi, hakuna ushirika hapo, punda amefia kwa mwenyewe. Kassim akaondoka akilaani. Loise, aliyekuwa amekuja kusikiliza, akamshika Mwanahamisi bega.

"Pole, na hongera. Uliwaza vizuri kumnyima."

Mwanahamisi aliutoa mkono wa Loise begani. Alikuwa ameshinda. Bomba zima lilikuwa limesikia kwamba alisimama kando ya mitungi minne na kumwacha mnyama alambe mchanga, na wote, mmoja baada ya mwingine, walikuwa wanampa mkono.